Kiti cha Ghorofa ya Nne

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hapa nyumbani tuko salama. Mimi ni mzima kiasi, na Bibi ni mzima kupita kiasi. Magoti yanamsumbua lakini mdomo uko imara: jana alimfukuza msoma mita kwa sababu aliingia bila kupangusa viatu, naye akaenda kusoma mita ya jirani kwa hasira. Bibi anakusalimu na anauliza kama huko mgodini mnakula chakula au mnalamba mawe. Anauliza pia utakuja lini. Mimi sikuulizi, maana najua utasema nini.

Utashangaa nakuandikia barua. Simu huko haishiki, na hata ukipanda kile kilima chenu ukapiga, mimi nasema "nzuri, nzuri" halafu nampa Bibi. Mshauri wa shule ameligundua hilo. Amesema kama kusema kunanishinda, niandike. Nikamwambia barua yenyewe inasubiri lori la mahitaji wiki mbili. Akasema ndiyo vizuri.

Sasa neno lenyewe. Mwaka huu mazoezi ya viungo ni lazima kwa kila mwanafunzi, mara tatu kwa wiki, na asiyeyafanya hapandi darasa. Mwenye ugonjwa anajaziwa fomu na mlezi wake. Kwenye karatasi zote za shule mlezi wangu ni wewe, tangu Mama atutoke. Fomu iko humu ndani ya bahasha. Naomba uandike kwamba nina pumu, usaini, uirudishe kabla muhula wa pili haujafungwa. Bibi sijamwambia. Bibi hawezi kudanganya hata akiulizwa umri wake, na wewe unajua wanawake wangapi wa rika lake huupunguza.

Ni saini tu, Mjomba. Sijawahi kukuomba kitu kingine.

Mpwa wako,
Kiberiti


27 Februari

Kiberiti wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia Alhamisi ikiwa imekunjamana, kwa sababu dereva wa lori aliikalia njia nzima ili isipotee. Nimeisoma ikiwa bado na joto lake. Mwambie mama yangu tunakula, na mpishi wetu ndiye anayetulambisha mawe, kwa maana mchele hauchambui.

Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile. Asubuhi, kabla watu hawajashuka chini, nasimama juu ya shimo na kitambaa mkononi, naipitisha kamba yote ya chuma ya lifti ya mgodi kwenye kitambaa polepole. Ikiwa kuna uzi mmoja wa chuma umekatika, kitambaa kinanasa. Kikinasa, hashuki mtu. Wakubwa wananuna, mimi naendelea kupangusa. Ndiyo maana likizo ni ngumu, hakuna mwingine wa kushika kitambaa. Hilo mweleze Bibi vizuri.

Je, lifti ya jengo lenu inaendeleaje? Milango inafunga vizuri? Haisiti kabla ya kuondoka?

Fomu nimeiona. Sijaisaini. Pumu haijawahi kuwa kwenye ukoo wetu, na wewe nimekushika siku uliyozaliwa, ukalia mpaka muuguzi akaziba masikio. Tena si wewe uliyewaacha wavulana nyuma kwenye mita mia nane ukiwa na miaka kumi na mbili? Jina la Kiberiti hukupewa kwa kulala. Niambie ukweli, halafu tutaangalia karatasi.

Nikuambie jambo la huku. Kila mwezi tunafanya jaribio la dharura: lifti inazimwa, tunapanda ngazi ya chuma kutoka chini hadi juu. Mwalimu wa usalama ni mtu mfupi, mnene, tunamwita Kamanda. Tukifika juu tunahema kama mvukuto, na yeye hatupigii makofi. Anatuketisha chini, tunashika vifundo vya mikono, tunahesabu mpaka pumzi itulie. Anasema hataki kujua nani amefika kwanza, anataka kila mtu aione pumzi yake ikirudi, ili siku ya hatari asiiogope. Mimi nilianza na mia moja na themanini. Sasa niko mia na kumi.

Jaribu ngazi kidogo, ghorofa moja tu. Keti, uhesabu. Mwambie na mshauri wako, asije akadhani mjomba wako ni mganga.

Mjomba


16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Bibi mzima. Lifti nzima. Milango inafunga. Sijui kwa nini kila ukipiga simu na kila ukiandika unaniuliza lifti kabla ya kuniuliza mimi.

Umetaka ukweli, huu hapa. Wiki iliyopita tuliambiwa tuzunguke uwanja mara mbili. Mwalimu wa michezo, tunayemwita Filimbi kwa sababu hiyo filimbi hata akila haitoi mdomoni, aliniweka mbele kwa kuwa alishasikia habari zangu za zamani. Mzunguko wa kwanza nilikwenda vizuri. Wa pili nikaanza kuhema. Nikasikia ile sauti, hhh, hhh, karibu kabisa na sikio langu. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mama siku zile tatu za mwisho, chumbani. Nilimgeukia kumtafuta hapo uwanjani, Mjomba, mchana kweupe, na watu wananiangalia. Halafu sikumbuki nilivyofika stoo ya vifaa. Walinikuta nyuma ya mikeka, nimeziba masikio. Nikamwambia Filimbi ni tumbo la mwezi. Aliona haya akaniacha.

Ndiyo maana sikimbii. Ndiyo maana sipandi ngazi. Miaka mitatu sijawahi kupanda hata ghorofa moja, lifti ikiwa na foleni nasubiri. Kila mtu shuleni amesahau ule ugonjwa, barakoa wanazifanyia mchezo wa kuigiza, wanacheka. Mimi bado nasikia.

Wewe unaniambia nihesabu. Pumzi ya Mama nilihesabu. Haikurudi. Kwa hiyo wewe na Kamanda wako hesabuni zenu huko huko.

Saini fomu.


21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Lori limekuja mara mbili na halikuleta kitu. Dereva anasema anakuona, u mzima, unapangusa kamba yako. Basi umeninunia. Na mimi nilikuwa nimekununia, lakini yametokea mambo na sina mwingine wa kumwandikia. Mshauri nilimsimulia nusu tu.

Lifti imekufa. Siku tisa. Mota imeungua, wanasubiri nyingine. Siku ya kwanza nilirudi kutoka shule nikakuta karatasi mlangoni, nikaketi chini kwenye sanduku la mchanga wa zimamoto nikasema nitasubiri. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Jirani akampelekea Bibi habari kwamba mjukuu wake amekaa chini kama mzigo usio na mwenyewe.

Bibi akashuka. Ghorofa saba, na magoti yale. Nilianza kumsikia akiwa bado juu kabisa, anazungumza na kila ngazi peke yake. Alipofika chini akaketi kwenye sanduku pembeni yangu, akapanga khanga yake vizuri, akasema: "Haya. Kushuka nimeshuka. Kupanda peke yangu siwezi, utanipandisha wewe. Kama hutaki, tutalala hapa hapa tuwe walinzi."

Nilimwona mjanja nikakasirika mpaka machozi. Lakini ningefanyaje? Nikampa bega.

Ghorofa ya kwanza tu akawa anahema. Mjomba, Bibi anahema kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Nikataka mguu niponye. Ila alikuwa amenishika mkono, na ana mkono kama koleo. Tukaketi kwenye ngazi. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaanza kuhesabu. Nilidhani nitafika elfu. Nilipofika mia mbili na sita Bibi akasema, "Unajua huyu jirani wa hapa hajawahi kufagia mlango wake?" Pumzi ilikuwa imerudi na umbea umerudi nayo. Ya kwangu pia ilikuwa imerudi, sikujua saa ngapi.

Tukapanda hivyo, kila ghorofa tunaketi, nahesabu. Ya nne ndipo niligoma. Nikamwambia hapa hatupumziki, twende. Akasema magoti yanamwaka moto. Nikamvuta. Akasimama, akaniangalia. Ndipo nikamwambia, na sasa nakuambia wewe, halafu tusilizungumze tena.

Siku ile tulikuwa wawili tu, Bibi alikuwa bado hajahamia kwetu. Mama alipoanza kubadilika rangi, simu ya dharura ilikuwa haipokelewi. Nikabonyeza lifti, haikuja. Nikashuka mbio kumwita yule muuguzi wa ghorofa ya chini. Akasema anachukua vifaa vyake na anakuja nyuma yangu, nitangulie. Nikapanda mbio. Ghorofa ya nne pumzi ikaniishia. Nikasimama. Nikaketi, Mjomba. Niliketi pale ukutani napumzika, na Mama yuko juu. Sijui ni dakika moja au ni mbili. Nilipofika, chumba kilikuwa kimya.

Bibi alisikiliza yote. Kisha akaketi pale pale ukutani, akanivuta nikaketi. Tulikaa muda mrefu, na alilia waziwazi, na mimi pia. Watu walipita, wakatuamkia, tukaitikia huku tunalia.

Kesho yake alimwagiza jirani amshushie kiti chake cha jikoni, kile cha miguu mitatu na nusu, kikawekwa ghorofa ya nne. Anasema ni kwa ajili ya magoti yake. Siku tisa hizo tumepanda kila siku.

Muhula wa pili unafungwa mwisho wa Juni.

Kiberiti


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba zote ulizonidai. Mimi ni mzima, na sikukununia. Lori la kwanza lilipokuja nilikuwa nimekuandikia kurasa nne, nikazichana. La pili nikamwambia dereva sina barua, naye akaniangalia vibaya, maana amekuzoea. Barua yako ya mwezi wa nne nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kukaa nyuma ya karakana hadi saa ya chakula ikapita.

Umesema tusilizungumze tena. Nivumilie mara moja hii, kwa sababu na mimi nina la kwangu.

Nilipokuwa bado mjini, lifti ya jengo lenu nilikuwa naitunza mimi, hilo unalijua. Wiki yangu ya mwisho kabla ya kuja huku, niliona kile kidude cha mlangoni, kipande cha shaba kinachoiambia mashine kwamba mlango umefunga, kimekwisha. Kikiacha kugusana vizuri, lifti haiondoki. Ni kazi ya nusu saa. Sikuwa nacho mfukoni, na gari la kunileta huku lilikuwa linaondoka asubuhi. Nikajiambia nitarudi nacho mwezi ujao. Mwezi uliofuata ugonjwa ukaja, njia zikafungwa. Uliponipigia simu wakati ule ukasema lifti haikuja, nilijua ni nini. Ghorofa zile saba ulizipanda kwa miguu kwa sababu yangu. Mama yako alikuwa dada yangu mmoja tu.

Basi likizo haijawahi kuwa ngumu. Nimepewa kila mwaka, kila mwaka nimeirudisha. Nimeogopa kusimama mbele ya ile lifti, na nimeogopa kukutazama wewe. Nisingeweza kukuandikia uongo mwingine baada ya ukweli ulioniandikia.

Na kuhusu kuketi kwako. Nilimsimulia Kamanda bila kutaja mtu. Yeye haneni sana, alinipeleka kwenye ngazi ya dharura. Akanionyesha vile vijukwaa vidogo vya chuma vilivyowekwa kila baada ya hatua kadhaa. Nimevipita miaka mitatu bila kuvifikiria. Akasema: "Hivi ni sheria. Anayeruka kijukwaa namfukuza kwenye kikosi cha uokoaji. Asiyepumzika hafiki, na asipofika yeye, wa kuokolewa wanakuwa wawili." Sikuridhika. Jumamosi nilipanda umbali wa ghorofa saba mara mbili, nikiwa na saa. Nilipopumzika katikati nilifika. Niliporuka, miguu ilikufa nilipofika kama ghorofa ya sita, nikaning'inia pale nikitukana, na Kamanda akanishusha kama mbuzi. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, hukufundishwa na mtu, na ulifanya kile ambacho mimi nalipwa kujifunza. Ulifika. Hilo nakuapia kwa kitambaa changu.

Fomu iko humu. Nimeijaza na kuisaini. Mahali pa ugonjwa sikuandika pumu. Isome kabla ya kumpa mtu. Ukiona haifai, ichane, nitajaza unavyotaka wewe, hata pumu. Nimekula kiapo hapa.

Ukitaka kunikasirikia, una haki yote.

Mjomba


14 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Bibi amemsamehe msoma mita, sasa anamkalisha na kumpa maji. Hiyo ni salamu, sasa sikiliza.

Nilikukasirikia. Wiki mbili nzima. Nilitembea na barua yako mfukoni nikikugombeza njiani, mpaka mtoto mmoja akanikimbia. Miaka mitatu unaniuliza habari za mlango na huniulizi habari zangu! Kisha nikachoka kukugombeza peke yangu nikamwendea msimamizi wa jengo, yule mzee wa funguo, nikamwambia anionyeshe hicho kidude chako.

Akaniuliza cha nini. Nikamsimulia: siku ile, na lifti isiyokuja, na wewe. Alikuwa anapiga deki. Aliegemeza fimbo ukutani. Akasema, "Lifti haikuharibika siku ile. Niliifunga mimi." Asubuhi ile ile walimletea amri kwamba watu wanabanana humo ndani wanaambukizana, lifti zote zifungwe kwa ufunguo. Akafunga. Karatasi alibandika chini, mlango wa kuingilia. Sisi tulikuwa juu hatujatoka siku sita, hatukuiona. Anasema jioni, aliposikia habari za Mama, aliirudisha karatasi ile kwa wakubwa akawaambia watafute mtu mwingine wa kushika ufunguo.

Kwa hiyo umekaa huko shimoni miaka mitatu kwa kosa la kidude kisicho na kosa. Na yeye huwa haniangalii usoni, nikidhani hanipendi. Sasa tuko watatu tunaojilaumu. Nilimwambia twende tukakae kwenye kiti cha Bibi ghorofa ya nne. Alikataa kukaa, akasimama pembeni yake. Nimemwambia aliamriwa, na alidhani anaokoa watu. Sijui kama imemsaidia. Imenisaidia mimi kumwambia.

Fundi wa sasa alipokuja kufunga mota mpya nilimwomba aangalie mlango. Akasema kweli kimekwisha, na kweli kimefanya kazi siku zote hizi, huyo aliyekipima alikuwa na macho makali na wasiwasi mwingi. Amekibadilisha. Cha zamani nimekiomba. Kiko humu kwenye bahasha, nimekifunga kwa pamba. Ni chako.

Na fomu. Niliisoma ngazini. "Mtoto huyu si mgonjwa. Alimuuguza mama yake peke yake, akaisikia pumzi yake mpaka mwisho. Akihema anarudi chumba kile. Asikimbizwe. Akitaka kukimbia mwenyewe, aachwe asimame anapotaka, na asiulizwe." Nikataka kuichana, niliona aibu. Bibi akasema aibu ya nini, mbona imeandikwa vizuri kuliko barua zake zote.

Nikampa Filimbi. Aliisoma mara mbili. Akaitoa filimbi mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaniambia, "Utaanza wewe na utasimama wewe. Saa yangu nitaivua." Akaivua kweli.

Siku ya kwanza nilikwenda nusu mzunguko. Ile sauti ikaja. Nikaketi kwenye nyasi, nikashika kifundo, nikahesabu, na mshauri alikuwa kwenye benchi akijifanya anasoma. Mia moja na arobaini. Ikarudi, Mjomba. Ilikuwa yangu na ikarudi. Mzunguko mzima nimeumaliza wiki iliyopita, kwa tisini na sita. Usidhani nimepona; Alhamisi mtu alimwaga dawa ya mikono darasani, harufu ile ile ya chumba cha Mama ikanipata, nikajifungia chooni kipindi kizima. Ijumaa nikarudi uwanjani. Filimbi amesema nitapanda darasa.

Mama nilikuwa nikimkumbuka anavyohema tu. Juzi nikiwa nakimbia nilimkumbuka akinipigia kelele kwenye ile mia nane, amevua viatu, anakimbia pembeni ya uwanja na kuwakanyaga watu. Nilicheka nikapoteza hesabu.

Sasa nakuuliza mwenyewe, bila kumsingizia Bibi. Unakuja lini?

Kiberiti


2 Julai

Kiberiti,

Marahaba. Nimepokea bahasha. Kidude kiko mfuko wa shati, upande wa kushoto. Nimekitoa mara nyingi leo hata Kamanda ameniuliza kama nimepata mchumba.

Siandiki mengi, lori liko mlangoni na dereva ameshawasha. Nimechukua likizo, yote, na safari hii sikuirudisha. Kitambaa nimemkabidhi fundi mwenzangu, nimemfundisha wiki nzima, na mkono wake unahisi vizuri kuliko wangu. Nitakuja na lori lijalo, Jumatano, mchana.

Mwambie mama yangu asishuke, magoti yake ayahifadhi kwa ajili ya kunigombeza. Mwambie mzee wa funguo ningependa kumpa mkono.

Lifti sitaibonyeza. Nitapanda kwa miguu, ghorofa moja baada ya nyingine, nione ulikopita. Wewe nisubiri ya nne. Nikifika pale nitakuwa nahema sana, nimezeeka na mkoba ni mzito, na huenda nikawa nalia. Usiogope na usikimbie. Nipishe kwenye kiti, unishike kifundo cha mkono, unihesabie mpaka irudi.

Mjomba wako